William Holden: Kauboi wa sinema aliyeiweka bunduki chini

Watu wa rika langu waliokulia hapa Machakos hawahitaji kuelezwa kauboi ni mtu wa namna gani. Gari la sinema lilipofika uwanjani jioni, kitambaa cheupe kikatandazwa na mashine ikaanza kunguruma, kila mtoto alikuwa amekwisha kuchagua jina lake. Huyu aliitwa Ringo, yule Django. Bastola zetu zilikuwa za miti, na farasi wetu walikuwa fimbo za kuchungia mbuzi.

Katika wale mabwana wa kofia pana tuliowatazama, yupo mmoja ambaye nchi yetu ya Kenya ina haki ya kumkumbuka kuliko wengine wote. Si John Wayne, ingawa huyo alivuma zaidi. Ni marehemu William Holden, aliyefariki dunia mwezi wa Novemba mwaka 1981 akiwa na umri wa miaka 63. Wengine walikuja kwetu kupiga filamu wakaondoka na mizigo yao. Holden alikuja, akarudi tena na tena, akanunua mali, akapanda jambo ambalo lingali hai.

Maisha yake yana funzo, tena si funzo jepesi. Mtu huyu alitajirika kwa kupiga risasi za uongo mbele ya kamera. Huku Afrika alifika kwanza na bunduki ya kweli, kama wawindaji wote wa Kizungu wa zama zile. Kisha akaiweka chini. Lakini kulikuwa na adui mwingine aliyekuwa akimwandama siku zote, na huyo hakuweza kumshinda.

KIJANA WA ILLINOIS

Alizaliwa tarehe 17 Aprili 1918 katika mji mdogo wa O'Fallon, jimbo la Illinois, Marekani. Jina alilopewa na wazazi wake ni William Franklin Beedle. Jina la Holden alipewa na wenye sinema, kwa maana hilo la Beedle waliliona halina mvuto. Alipokuwa bado mdogo jamaa yake walihamia California, na huko ndiko alikosomea na kuanza kucheza michezo ya kuigiza.

Bahati yake ilifunguka mwaka 1939, alipopewa nafasi kubwa katika filamu iitwayo Golden Boy. Humo aliigiza kijana anayevutwa huku na huku kati ya kupiga fidla na kupigana ndondi. Kijana mwenyewe alikuwa mgeni wa kazi, na mabwana wa kampuni walitaka kumfukuza baada ya siku chache tu. Aliyemwokoa ni mwigizaji mwenzake, Bibi Barbara Stanwyck, ambaye wakati huo alikuwa nyota mkubwa. Aliwaambia wakubwa wamwachie kijana, akawa akikaa naye kumfundisha baada ya kazi. Holden hakuusahau wema huo maisha yake yote.

Mwaka uliofuata alipanda farasi katika filamu ya Arizona, na mwaka 1941 akacheza katika Texas. Hapo akaingia katika ukoo wa makauboi. Mwaka huo huo alimwoa mwigizaji Brenda Marshall.

Vita Vikuu vya Pili vilipowaka alijiunga na jeshi la anga la nchi yake, lakini alibaki nyumbani akicheza katika filamu za kufundishia askari. Ndugu yake Robert alikuwa rubani wa jeshi la majini, naye aliuawa vitani mwaka 1944. Mtu anayevaa magwanda kwa ajili ya kamera, na huku nduguye anakufa ndani ya magwanda ya kweli, hawezi kukosa kulifikiria jambo hilo.

Baada ya vita alipanda ngazi haraka. Mwaka 1950 alicheza katika Sunset Boulevard, na mwaka 1953 katika Stalag 17, hadithi ya wafungwa wa vita. Hiyo ya pili ndiyo iliyompatia zawadi ya Oscar ya mwigizaji bora wa kiume. Siku ya kuipokea, muda wa matangazo ya televisheni ulikuwa umekwisha, basi akashukuru kwa neno moja tu na kushuka jukwaani.

Kisha ikaja The Bridge on the River Kwai ya mwaka 1957, iliyopigwa huko Sri Lanka, ambayo wakati huo ikiitwa Ceylon. Hapa Holden alionyesha akili ya biashara. Alipatana apewe sehemu ya mapato ya filamu, alipwe dola 50,000 kila mwaka badala ya kupokea zote kwa mpigo. Filamu hiyo ilipata faida kubwa mno, na fedha zake zikawa kama chemchemi isiyokauka. Miaka miwili baadaye alicheza na John Wayne katika The Horse Soldiers, na kila mmoja wao alilipwa dola 750,000, fedha ambazo kwa siku zile zilishangaza watu.

MAWINGO YA NANYUKI

Ni wakati huo wa utajiri alipofika Kenya kuwinda. Pamoja naye walikuwa tajiri wa mafuta wa Kimarekani, Ray Ryan, na mwenye benki wa Uswisi, Carl Hirschmann. Walifikia katika hoteli iliyoitwa Mawingo, karibu na Nanyuki, mahali ambapo asubuhi mtu hufungua dirisha akauona Mlima Kenya umejaa theluji. Wakapapenda hata wakapanunua. Mwaka 1959 hoteli hiyo ikawa Mount Kenya Safari Club.

Tusidanganyane. Ile ilikuwa klabu ya wenye nacho. Orodha ya wanachama wake ilikuwa na majina kama Winston Churchill na Bing Crosby. Mwananchi wa kawaida wa zama zile aliingia mle kwa mlango wa jikoni, au amebeba masanduku ya wageni. Nchi ilikuwa bado haijapata uhuru wake, na mashamba yote yaliyoizunguka yalikuwa ya walowezi.

Mwaka 1962 ilitoka filamu ya The Lion, iliyopigwa papo hapo Kenya. Holden aliigiza Mmarekani anayekuja Afrika kumtafuta binti yake, naye anamkuta mtoto huyo amefanya urafiki na simba dume. Kwa sinema si filamu kubwa. Kwa maisha ya Holden ilikuwa na uzito, kwa kuwa siku zile ndipo nchi ilipokuwa ikizidi kumwingia moyoni.

Na mwindaji akaanza kubadilika. Mwaka 1967 yeye na Mmarekani mwenzake, Don Hunt, walianzisha shamba la wanyama pembeni ya klabu ile, lenye ukubwa wa ekari zaidi ya 1,000. Halikuwa shamba la kuwindia. Wanyama waliletwa humo ili walindwe na kuzaana, na hasa mnyama aitwaye bongo. Huyu ni paa mkubwa wa msituni, mwekundu kama udongo wa vilima vyetu vya Iveti, mwenye mistari myeupe ubavuni na pembe zilizopinda. Bongo wa milimani hapatikani porini penginepo duniani ila Kenya tu, katika misitu ya Mlima Kenya, Aberdare, Mau na Eburru. Wakati huo alikuwa ameanza kuadimika.

Kumbuka kwamba hii ilikuwa miaka 10 kabla ya serikali yetu kupiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Siku zile bunduki bado ilikuwa biashara halali, na mtu tajiri aliyeacha kuwinda kwa hiari yake alionekana kituko mbele ya wenzake.

KUNDI LA MAJAMBAZI WAZEE

Basi mwaka 1968, Holden alipokwenda Meksiko kupiga filamu ya The Wild Bunch, tayari alikuwa mtu wa namna mbili. Huku ana shamba la kuhifadhi wanyama, kule anakwenda kuigiza muuaji. Filamu ilitolewa mwaka 1969 chini ya mwongozaji Sam Peckinpah, na hadi leo inahesabiwa miongoni mwa filamu kuu za kauboi. Mwaka 1999 Marekani iliitia katika orodha ya filamu zinazohifadhiwa kama mali ya taifa.

Hadithi yenyewe ni ya mwaka 1913, wakati dunia ya makauboi inakwisha. Holden ni Pike Bishop, mkuu wa kundi la majambazi waliozeeka. Wanavamia ofisi ya reli wakidhani watapata fedha, kumbe mifuko imejazwa vyuma tu na wao wametegewa mtego. Wanakimbilia Meksiko, na nyuma yao anawafuata mtu aliyekuwa rafiki yao zamani. Huko wanamwibia silaha jenerali mmoja dhalimu kutoka kwenye treni ya jeshi la Marekani. Mwenzao mmoja, kijana wa Kimeksiko aitwaye Angel, anawapelekea watu wa kijiji chake sanduku moja la bunduki ili wajitetee. Jenerali anapata habari, anamkamata na kumburura kwa gari.

Hapo ndipo Pike na wenzake watatu wanapoamua. Fedha zao wamekwisha kupata, na njia ya kwenda zao iko wazi. Lakini wanachukua bunduki, wanatembea bega kwa bega hadi mbele ya jeshi zima, na kumdai mwenzao. Kinachofuata ni mauaji ambayo sinema haikuwahi kuyaonyesha namna ile, damu ikiruka polepole kana kwamba wakati umesimama. Hakuna hata mmoja wa wale wanne anayesalia.

Hivi karibuni tuliionyesha filamu hii katika ukumbi mmoja hapa mjini Machakos kwa kumbukumbu ya marehemu. Hatukuwa wengi. Wazee tulikaa mbele, vijana wakakaa nyuma na simu zao. Nilidhani watachoka na mambo ya kale, lakini wakati wa yale matembezi ya watu wanne ukumbi wote ulinyamaza.

Taa zilipowashwa kukazuka mabishano. Mwalimu mmoja kijana aliuliza ni kwa nini sisi Wakamba tumkumbuke Mzungu tajiri aliyemiliki klabu na shamba katika ardhi ambayo babu za watu walifukuzwa. Mzee mmoja, ambaye zamani zile alikuwa mfuata nyayo wa wawindaji, alimjibu kwa upole. Alisema aliwabebea Wazungu wengi pembe na ngozi, na wote walipoondoka walimwachia mkebe mtupu. Kwa maoni yake mtu aliyejenga boma ili wanyama wasiuawe si sawa na wale. Mwalimu hakuridhika. Alisema boma ni boma, liwe la kuua au la kulinda, swali ni nani anabaki nje.

Nimelifikiria sana neno hilo. Kwa haki naona wote wawili walisema kweli. Wema wa mtu hauifuti historia ya mahali alipoufanyia. Lakini pia historia ya mahali haiufuti wema.

ADUI ASIYEONEKANA

Sasa nije kwenye jambo ambalo waandishi wengi hulipita juu juu. William Holden alikuwa mlevi. Sitaji hili kwa kumdhihaki marehemu. Nalitaja kwa sababu maisha yake hayaeleweki bila kulijua, na kwa sababu hata hapa kwetu hakuna kijiji ambacho pombe haijakiliza.

Mwaka 1966, akiwa Italia, gari lake liligonga gari jingine, na dereva wa gari hilo akafa. Holden alikuwa amekunywa. Mahakama ilimhukumu kifungo cha miezi minane, lakini kikasimamishwa, hakuingia gerezani. Mtu huyo hakufufuka. Waliomjua Holden wasema mzigo huo aliubeba moyoni, na katika uso wa Pike Bishop, ule uso wenye mikunjo wa mtu anayekumbuka waliokufa kwa ajili yake, baadhi yetu twaona kitu kisichofundishwa katika shule ya uigizaji.

Ndoa yake ilivunjika mwaka 1971. Katika miaka iliyofuata alipata mwenzi katika mwigizaji Stefanie Powers, aliyejulikana baadaye kwa mfululizo wa televisheni wa Hart to Hart. Bibi huyu alikuja naye Kenya, akaipenda kazi ya wanyama kama yake mwenyewe. Holden alipata vipindi vya kuiacha chupa, kisha akairudia. Mwaka 1976 alicheza vizuri sana katika Network, na filamu yake ya mwisho, S.O.B., ilitoka mwaka 1981.

Mwezi wa Novemba mwaka huo alikuwa peke yake nyumbani kwake Santa Monica, California. Alikuwa amelewa. Akateleza, akajigonga kipaji cha uso kwenye meza ya kando ya kitanda, akavuja damu hadi kufa. Siku nne zilipita kabla mtu yeyote hajamkuta.

Fikiri, ndugu msomaji. Mtu ambaye mwaka 1952 alikuwa msimamizi wa arusi ya Ronald Reagan, na rafiki yake huyo wakati wa kifo chake alikuwa Rais wa Marekani. Mtu ambaye uso wake ulijulikana toka Tokyo hadi Machakos. Akafa chumbani kama mtu asiye na jirani. Katika filamu Pike Bishop aliwahi kufa mbele ya jeshi zima, na wenzake wako pembeni yake. Katika maisha hapakuwa na hata mmoja wa kumshika mkono. Majivu yake yalimwagwa katika bahari ya Pasifiki.

Miezi michache baadaye, mwaka 1982, Barbara Stanwyck alipewa Oscar ya heshima. Bibi huyo mzee alisimama jukwaani na kumtaja kijana wake wa Golden Boy, ambaye siku zote alikuwa amemtakia apate zawadi hiyo. Wema wa mwaka 1939 ulikuwa ungali unakumbukwa, pande zote mbili.

KILICHOBAKI

Mwaka huo huo wa 1982 Stefanie Powers alianzisha William Holden Wildlife Foundation, na karibu na Nanyuki kikajengwa kituo cha elimu. Hapo ndipo ninapopata jibu la kumpelekea yule mwalimu wetu, ingawa si jibu zima. Wanaoingia katika kituo hicho si wageni wa klabu. Ni wanafunzi wa shule zetu, maelfu kwa maelfu katika miaka yote hii, wanaofundishwa habari za wanyama, misitu na maji. Wengi wao, hata wale waliozaliwa karibu na mlima, hawakuwa wamewahi kumwona mnyama wa porini kwa utulivu.

Na bongo? Katika miaka ya nyuma baadhi yao walikamatwa katika milima ya Aberdare na kupelekwa katika bustani za wanyama za Marekani. Watu walilalamika, na walikuwa na haki ya kulalamika. Lakini huku kwetu wawindaji haramu, mbwa na magonjwa vilimaliza wale waliobaki, hata wakawa hawafiki hata 100 porini. Mwezi wa Januari mwaka 2004 ndege ilitua ikiwa na bongo 18 waliozaliwa Marekani. Wakapelekwa katika lile shamba la Holden, ambalo kwa sasa ni hifadhi ya Mlima Kenya. Wajukuu wa waliochukuliwa walirudi kwao. Wakazaa, wao wakazaa tena, na mwaka 2022 ikafunguliwa hifadhi ya Mawingu ndani ya msitu wenyewe ili wazoee kuishi bila kulishwa na mkono wa mtu.

Haya yana maana gani kwetu Machakos? Yana maana kubwa. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, Rais mstaafu wa Marekani ambaye ujanani alikuwa mfugaji wa ng'ombe huko Dakota, alishuka kwenye treni katika stesheni ya Kapiti kuanza uwindaji wake. Alichagua hapa kwa sababu mbuga zetu zilikuwa zimefunikwa na nyumbu, kongoni, swara na pundamilia. Wanyama hao walikuwa wakitembea bila kizuizi kati ya Athi, Lukenya, Konza na mahali ambapo sasa ni mbuga ya taifa ya Nairobi. Hata mimi nikiwa kijana niliwaona kutoka barabarani, wamechanganyika na ng'ombe.

Leo ukipita barabara ile utaona ua wa nyaya, machimbo ya mawe, viwanda na mabango ya viwanja vya kuuzwa. Njia za wanyama zimezibwa moja baada ya nyingine. Siwalaumu wanaojenga, kwani watu lazima wapate pa kulala na kazi ya kufanya. Lakini kila kiwanja kinachouzwa hukata njia, na njia ikishakatwa nyumbu hana ndege ya kumrudisha kwao kutoka Marekani.

Ranchi chache bado zimesalia katika mbuga za Kapiti na Lukenya ambapo ng'ombe na twiga hunywa maji pamoja. Wenyewe si matajiri wa sinema. Wanahitaji msaada wa kaunti, kodi nafuu, na watoto wa shule waletwe kuona, kama wanavyoletwa Nanyuki. Hilo lingekuwa boma ambalo mtoto wa Machakos hataachwa nje yake, na yule mwalimu wetu nadhani asingekuwa na la kubisha. Holden alianza na ekari zaidi kidogo ya 1,000. Sisi bado tunazo nyingi kuliko hizo, ila kila mwaka zinapungua.